Mwongozo Kamili wa Utafiti wa Kaya wa Miaka Mingi: Namna ya Kurudi na Kuwakuta Watu Walewale

Wanafunzi wa uzamili, watumishi wa asasi na hata watafiti wazoefu hukwama mahali pamoja. Mzunguko wa kwanza, yaani awamu ya kwanza ya mahojiano, huenda vizuri na data husafishwa, lakini wakirudi baada ya miaka mitatu hukuta theluthi ya kaya hazijulikani zilipo, na kwa zilizopatikana hakuna mwenye uhakika kama Asha aliyehojiwa sasa ndiye Asha aliyeandikwa mwanzo. Kosa huwa halikufanyika siku ya kurudi. Lilifanyika siku ya kwanza, pale mdadisi alipoandika jina moja na namba moja ya simu kisha akaaga.

Mwongozo huu unaifuata kazi tangu maandalizi hadi kuunganisha data za mizunguko miwili. Mfano wake mkuu ni utafiti wa afya na maendeleo wa Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambao kati ya 1991 na 1994 ulizitembelea kaya zaidi ya 900, nyingi kati ya hizo mara nne, kisha ukawatafuta watu walewale mwaka 2004 na tena 2010.

## Mahitaji kabla ya kuanza

Fedha za mizunguko miwili, si mmoja. Kama mfadhili amekubali mzunguko wa kwanza tu, huo ni utafiti wa mara moja, na ni afadhali kuubuni hivyo tangu mwanzo. Ndani ya bajeti ya mzunguko wa pili, fungu la kuwatafuta waliohama litengwe peke yake, kwa sababu likichanganywa na posho za kawaida huisha kabla timu haijatoka kijijini.

Vibali. Tanzania utahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na uwasiliane mapema na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuhusu matakwa ya Sheria ya Takwimu ya 2015. Ukipima afya au kuchukua damu, kuna kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kenya mlango wa kwanza ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Baada ya hapo, kwa Tanzania, barua hushuka kutoka mkoa hadi wilaya, kata, kijiji au mtaa, na ngazi yoyote ikirukwa kazi itasimama palepale.

Ramani na orodha ya maeneo ya kuhesabia watu kutoka sensa ya karibuni, ambayo kwa Tanzania ni ya 2022.

Vishkwambi vyenye programu ya kukusanyia data. Survey Solutions, CSPro na ODK zote hupatikana bure. Chukua betri za akiba, na madodoso machache ya karatasi kwa siku ambayo kila kitu kitazima.

Mizani ya kuning'iniza. Sababu yake utaiona katika hatua ya tatu.

Mahali pawili tofauti pa kuhifadhi data: pa kwanza kwa majina na mawasiliano, pa pili kwa majibu. Viwili hivi visikae katika faili moja hata kwa siku moja.

## Hatua ya 1: Amua unamfuata nani

Kwa kawaida kaya huelezwa kuwa watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Maelezo hayo yanatosha kwa siku moja ya mahojiano. Kwa miaka kumi hayatoshi, kwa sababu chungu hupasuka: binti huolewa, kijana huenda Mwanza kutafuta kazi, wazazi hutengana, mjane hurudi kwao. Ni ipi basi kaya ya zamani kati ya hizo nne zilizotokana nayo?

Unaweza kuifuata nyumba, ukamhoji yeyote utakayemkuta humo. Unaweza kumfuata mkuu wa kaya peke yake. Au unaweza kumfuata kila mtu aliyekuwamo katika orodha ya mwanzo, popote alipo. Njia ya kwanza ni rahisi na haifai kabisa kwa anayetaka kujua nani ameinuka kimaisha na nani ameanguka. Ya pili hufuata wazee na kuwaacha vijana, ilhali vijana ndio wanaobadilika. Kagera walichagua ya tatu, na matokeo yake yanaeleza vizuri kuliko hoja yoyote: mwaka 2004 walimpata angalau mtu mmoja katika asilimia 93 ya kaya za mwanzo, ukiondoa zile ambazo wanakaya wote walikuwa wamefariki, na kaya hizo 832 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700.

Uamuzi huo haukuwa wa unadhifu tu. Data zilipochambuliwa ilionekana kwamba ukuaji wa matumizi ya waliohama kutoka kijiji chao uliuzidi wa waliobaki kwa takriban pointi 36 za asilimia. Kama wadadisi wangeishia kijijini, ripoti ingesema umaskini umepungua kidogo tu, na ingekuwa na takwimu safi za kuthibitisha kosa hilo.

Onyo ni moja: njia ya tatu hukua bila breki. Utafiti wa taifa wa kufuatilia kaya unaoendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ulianza 2008/09 na kaya 3,265, ukafika 3,924 mwaka 2010/11, na 5,010 mwaka 2012/13, kwa sababu ya kaya kugawanyika. Mwaka 2014/15 ilibidi sehemu kubwa ya sampuli ibadilishwe. Andika mapema, kwa maneno yasiyo na utata, nani anafuatwa, hadi wapi na kwa muda gani. Je, aliyezaliwa baada ya mzunguko wa kwanza anafuatwa akihama? Mke mpya akiachika? Ukiwapa wasimamizi wawili kanuni yako pamoja na visa kumi vya kubuni, na wote wawili wakatoa majibu yaleyale, kanuni imekamilika.

## Hatua ya 2: Chagua kaya

Teua kwanza vijiji na mitaa kwa bahati nasibu, kisha pitia nyumba kwa nyumba kuorodhesha kaya zote za maeneo hayo, ndipo uteue kaya. Usikubali orodha ya kaya kutoka ofisi ya kijiji, hata kama ni ya mwezi uliopita. Mara nyingi huwa na wenye ardhi na walipa michango, na wapangaji huachwa nje.

Ikiwa jambo unalolichunguza ni nadra, ongeza nafasi ya kulikuta. Utafiti wa Kagera ulitaka kupima athari za vifo vya watu wazima, hasa vilivyotokana na UKIMWI, na sampuli ya kawaida ingekusanya vifo vichache mno. Kwa hiyo waliorodhesha kwanza kaya zaidi ya 29,000, wakazigawa kulingana na ugonjwa na vifo vilivyokwisha kutokea, na katika kila eneo wakachukua kaya 16: 14 kutoka kundi lenye wagonjwa au msiba wa karibuni na 2 kutoka kundi la wengine. Ukifanya hivyo ni lazima utunze uwezekano wa kila kaya kuteuliwa, maana ndio unaotoa uzani, yaani kila kaya inawakilisha kaya ngapi, na bila uzani huo huwezi kusema lolote kuhusu mkoa mzima. Nimeona uzani ukipotea pamoja na kompyuta ya mtu mmoja.

## Hatua ya 3: Andika dodoso ambalo hutalibadilisha

Ugumu wa dodoso la miaka mingi ni kwamba makosa yake madogo yakibaki yaleyale yana thamani kuliko masahihisho yake. Ukiuliza matumizi ya chakula ya siku saba mwaka huu na ya siku 14 mzunguko ujao, mabadiliko utakayoyaona ni ya swali, si ya maisha. Jambo hili lilipimwa Tanzania 2007 na 2008: kaya zilizoteuliwa kwa bahati nasibu zilihojiwa kuhusu matumizi kwa miundo minane tofauti, nyingine zikijaza daftari la kila siku na nyingine zikikumbuka siku zilizopita, na kiwango cha umaskini kilitofautiana sana kutoka muundo mmoja hadi mwingine, ingawa kaya zenyewe zilikuwa za aina moja.

Kwa hiyo funga mambo manne: orodha ya vyakula, kipindi cha kukumbuka, nani anajibu na mwezi wa mahojiano. Kaya iliyohojiwa wakati wa mavuno ya kahawa huwa na fedha mkononi. Ukirudi mwezi wa njaa utaandika kwamba imefukarika.

Sasa ile mizani. Watu hawali kilo, hula fungu, sado, debe na mkungu. Katika Kagera ndizi huhesabiwa kwa mikungu, na mikungu miwili ya kibanja kimoja, yaani shamba moja la migomba, yaweza kupishana uzito maradufu. Kahawa ya maganda hupimwa kwa debe au gunia, na gunia la lumbesa si gunia la kawaida. Katika kila kijiji nenda sokoni, upime kila kipimo cha kienyeji mara kadhaa, uandike uzito wake na bei yake, na ufanye hivyo katika kila mzunguko. Bei hizo ndizo zitakazokuwezesha baadaye kulinganisha shilingi ya 1991 na ya 2004. Fahirisi ya bei ya taifa hutegemea mno soko la mjini.

Ukitaka kuongeza maswali mapya, yaweke mwisho. Swali jipya lililopandikizwa katikati hubadilisha majibu ya yanayolifuata. Tafsiri nayo ifungwe kimaandishi. Mdadisi anayegeuza Kiswahili kuwa Kihaya, lugha ya wenyeji wa Kagera, papo kwa papo hutunga dodoso lake mwenyewe, na mwenzake wa mzunguko ujao atatunga jingine.

## Hatua ya 4: Ukurasa wa mawasiliano

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa sababu ukurasa huu hujazwa mwishoni, mhojiwa akiwa amechoka na mdadisi akitazama jua. Uweke katikati ya dodoso.

Kwa kila mwanakaya, hata mtoto wa miaka miwili, andika majina yote: la ubatizo au la Kiislamu, la ukoo, la utani, na lile analoitwa na majirani, kama Mama Jeni au Baba Shakuru. Mtu anayejulikana kijijini kwa jina la ukoo huenda Dar es Salaam akajulikana kwa jina la kazi, na asiwepo anayekuelewa ukimtaja kwa jina la kwenye cheti.

Kwa kila mtu mzima, andika pia:

- mahali alipozaliwa, hadi kitongoji, na kwao mke ni wapi;
- watu watatu wasioishi katika kaya hiyo ambao watajua alipo akihama, pamoja na uhusiano wao naye, simu zao na mahali wanapoishi;
- namba za simu zote, pamoja na jina la mwenye laini, kwa kuwa laini nyingi husajiliwa kwa jina la ndugu;
- shule ya kila mtoto na darasa lake;
- kanisa, msikiti, kikundi cha kuweka na kukopa, chama cha ushirika.

Ongeza alama ya setilaiti (GPS) ya mahali nyumba ilipo, mchoro wa kuelekeza njia kwa vitu visivyohama kama mto, shule au mwembe mkubwa, na picha ya wanakaya wakiridhia.

Usitegemee simu. Namba hufa, simu huibwa, na baada ya miaka mitano namba uliyoiandika yaweza kuwa ya mtu wa mkoa mwingine. Mama mkwe hafutiki kwa urahisi hivyo. Ukurasa umejazwa vizuri ikiwa msimamizi ambaye hajawahi kufika kijijini hapo anaweza, kwa kuusoma tu, kupanga safari ya kumtafuta kila mmoja.

## Hatua ya 5: Wafunze wadadisi

Tenga siku zisizopungua 10, nusu yake ikiwa ni mahojiano halisi katika vijiji visivyo katika sampuli. Wafunze kuomba ridhaa kwa ukweli: kwamba watarudi baada ya miaka kadhaa, kwamba hakuna mkopo wala mradi utakaofuata, na kwamba mtu anaweza kukataa. Kaya iliyoahidiwa msaada itakujibu mara moja tu. Shukrani ndogo kama sabuni au sukari inafaa, ilimradi itolewe kwa kila kaya kwa kiwango kilekile na baada ya mahojiano.

Wafunze pia kutoa pole. Katika utafiti wa miaka mingi, orodha ya wanakaya ni orodha ya marehemu pia, na mdadisi anayesoma majina kwa sauti kama anayeita mahudhurio darasani atafukuzwa, na atakuwa amestahili.

## Hatua ya 6: Kagua kila jioni

Baada ya wiki mbili kila mdadisi hugundua siri moja: mhojiwa akijibu "ndiyo" kuna maswali kumi yanayofuata, na akijibu "hapana" hakuna hata moja. Ndipo biashara ndogo huanza kutoweka katika data, wagonjwa hupona wote, na idadi ya wanakaya hupungua. Kila jioni linganisha kwa kila mdadisi wastani wa wanakaya, vyakula vilivyotajwa na shughuli za kipato. Anayepungua siku hadi siku afuatwe shambani kesho yake, bila kutangaziwa.

Msimamizi arudi mwenyewe katika kaya moja kati ya kumi kuuliza maswali machache yasiyobadilika, kama vile idadi ya watu na paa la nyumba. Na timu isiondoke kijijini kabla dosari hazijafutwa, kwani kurudi kwa kilomita 80 za vumbi kwa ajili ya umri wa mtoto mmoja hakufanyiki kamwe, hata kama imeandikwa kwamba kutafanyika.

## Hatua ya 7: Kipindi cha katikati

Piga simu kila miezi sita, kwa salamu na swali moja tu: kuna aliyehama? Sasisha faili la mawasiliano papo hapo. Matokeo ya mzunguko wa kwanza yarudishwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa jumla na bila kutaja kaya. Kijiji ambacho hakijawahi kusikia majibu yake yalikwenda wapi hukupokea kwa ubaridi mara ya pili, na kwa haki.

## Hatua ya 8: Rudi ukawatafute

Anza kijijini, na usianzie kwa mwenyekiti. Mwenyekiti atakuambia kwamba fulani "alishaondoka", naye atakuwa amemaliza. Mtafute ndugu aliyeandikwa kwenye ukurasa wa mawasiliano, kisha jirani, kisha waendesha bodaboda, ambao hujua nani alisafirishwa na mizigo gani.

Kwa kila asiyekuwepo jaza fomu ya ufuatiliaji hapohapo: amekwenda wapi, kwa nani, lini, nani ana namba yake. Omba ndugu ampigie simu mbele yako. Sauti ya dada ikisema "hawa ni wale wa utafiti wa zamani" ina nguvu kuliko barua yako yenye mihuri saba.

Kazi igawanywe kwa umbali. Timu iliyopo iwafuate waliohamia vijiji vya jirani ndani ya wiki hiyohiyo. Wa wilaya nyingine za mkoa wafuatwe mwishoni mwa kila mwezi. Waliokwenda mbali, yaani Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka, wakusanywe katika orodha moja ya timu maalumu ya mwisho. Kagera ilibidi kuwafuata watu hadi Uganda. Usiwaache hao wa mwisho kwa hoja kwamba ni wachache na wana gharama. Ndio wanaotofautiana zaidi na wengine, na ndiyo maana ni ghali kuwakosa.

Kwa hesabu, utafiti unaopoteza asilimia 5 ya kaya katika kila mzunguko hubaki na asilimia 77 baada ya mizunguko mitano. Unaopoteza asilimia 15 hubaki na 44. Lenga zaidi ya asilimia 90 ya kaya, na uripoti kando asilimia ya watu binafsi, ambayo siku zote huwa ndogo zaidi.

Kishkwambi kiwe na majina ya mzunguko uliopita, lakini majibu ya zamani yafichwe. Mdadisi akiona kwamba kaya ilikuwa na ng'ombe watatu, ataandika watatu.

## Hatua ya 9: Unganisha mizunguko

Kila mtu apewe namba moja ya kudumu, isiyotumiwa tena hata akifariki. Baada ya kuunganisha, angalia mambo mawili ya awali: jinsia haikubadilika, na umri umeongezeka kwa miaka iliyopita, ukiruhusu kosa la miaka miwili au mitatu kwa sababu wengi hukadiria umri. Anayevunja masharti yote mawili pengine ni mtu mwingine, hata jina likifanana. Mjukuu mara nyingi hupewa jina la babu.

Kisha linganisha kaya ulizozipoteza na ulizozipata kwa kutumia data za mzunguko wa kwanza: ukubwa, elimu, ardhi, matumizi. Zikitofautiana, lieleze jambo hilo katika ukurasa wa kwanza wa ripoti, si kwenye kiambatisho. Kaya zilizogawanyika zirekebishiwe uzani, la sivyo kaya iliyozaa kaya saba itahesabika mara saba.

Data unazozitoa kwa watafiti wengine zisiwe na majina, simu wala alama kamili za nyumba. Faili la mawasiliano lifungwe kwa nywila, nakala mbili zikae sehemu mbili, na hati isainiwe inayomtaja atakayekabidhiwa nywila hiyo siku kiongozi wa utafiti akistaafu, akihama kazi au akifariki kabla ya mzunguko ujao.